Nuru ya Dunia Juu ya Mwezi: Tuwafunze Watoto Kuitunza Nyumba Yao kwa Kuitazama Mbingu



Ni jamii chache duniani zinazoutazama mwezi kwa hamu kama jamii yetu. Inapofika magharibi ya tarehe 29 Shaabani, wakubwa kwa wadogo hutoka nje. Wengine hupanda juu ya mapaa, wengine husimama ufukweni, na nyuso zote huelekea machweo kuutafuta mwezi mwandamo. Mtoto mdogo hubebwa mabegani ili naye apate kuona. Ukionekana, nyumba nzima huchangamka. Usipoonekana, simu hupigwa huku na huko kuuliza habari. Lakini habari ikishathibiti, aghalabu tunaupa mwezi mgongo. Umetupa tarehe, tumemalizana nao, na hatuuangalii tena kwa makini mpaka Idi ikaribie.

Safu yetu ya leo inamwomba mzazi na mwalimu wasiupe mwezi mgongo mapema kiasi hicho. Jioni ya pili, ya tatu na ya nne baada ya kuandama, mwezi humwonyesha mtoto jambo ambalo pengine hajaambiwa shuleni wala chuoni, nalo ni hali ya Dunia yake mwenyewe. Tunaishi katika zama ambazo watoto wetu hukariri maana ya neno "mazingira" na kupata alama nzuri katika mtihani, kisha hutoka darasani na kutupa chupa ya plastiki katika mtaro ule ule utakaofurika mvua ikinyesha. Elimu imeingia kichwani, haikushuka mikononi. Rai yangu ni kwamba elimu ya anga, ikifunzwa vyema, ni miongoni mwa njia bora za kuishusha.

Nuru itokayo kwetu

Mwambie mtoto autazame mwezi mchanga kwa utulivu, mara giza linapoanza kuingia. Ataona upinde mwembamba unaong'aa. Akizidi kutazama ataona kwamba sehemu iliyobaki ya mwezi haikutoweka kabisa. Inaonekana kwa mbali, kwa rangi ya kijivujivu, mpaka duara lote linatambulika. Hapo muulize: sehemu hii inaangazwa na nini? Upinde unaong'aa unaangazwa na jua, hilo ni wazi. Lakini sehemu ile ya kijivu haielekei jua hata kidogo. Mwache afikiri, wala usimpe jibu upesi.

Jibu ni kwamba inaangazwa na Dunia. Mwanga wa jua huipiga Dunia yetu, ukaakisiwa na mawingu, bahari, majangwa na theluji, ukafika mpaka mwezini, kisha ukarejea tena machoni mwetu. Leonardo da Vinci alilieleza jambo hili yapata miaka 500 iliyopita. Lau mtu angesimama jioni hiyo katika sehemu ile ya kijivu, angeiona Dunia ikining'inia mbinguni, karibu imekamilika kama mwezi wa siku ya 14, na upana wake ukiwa karibu mara nne ya upana wa mwezi tuuonao sisi.

Hili si jambo la kustaajabisha macho tu. Wanasayansi wa kituo cha kuchunguza jua cha Big Bear, huko California nchini Marekani, waliipima nuru hiyo kwa takriban miaka 20, tangu 1998 hadi 2017. Mwaka 2021 walieleza kwamba nuru ya Dunia juu ya mwezi imefifia kidogo. Walilihusisha jambo hilo hasa na kupungua kwa mawingu meupe ya chini upande wa mashariki wa Bahari ya Pasifiki, ambako maji ya bahari yalikuwa yamepata joto zaidi. Dunia ikirudisha mwanga mchache, joto linalobaki kwetu huwa jingi. Kwa hiyo mwezi ni mfano wa kioo, na sura inayoonekana ndani yake ni yetu sisi. Mtoto aliyekwisha kulielewa hilo hataona tena kwamba habari za mbinguni na habari za uani kwao ni mambo mawili yasiyohusiana.

Kukiona kitu kizima

Malezi yetu ya mazingira, nyumbani na shuleni, kwa sehemu kubwa ni malezi ya makatazo. Usitupe taka. Usikate mti. Usichezee maji. Makatazo hayo ni ya haki, lakini mtoto anayekatazwa bila kuonyeshwa kile anachokilinda hutii tu pale anapoangaliwa. Mtu hulinda kwa moyo kitu alichokiona kizima na akajua thamani yake. Nasi, kwa kuwa tunaishi juu ya Dunia, hatuwezi kuiona nzima. Aliye ndani ya jahazi haoni umbo la jahazi mpaka atoke na kusimama pwani.

Binadamu wa kwanza kutoka na kuiona kwa namna hiyo walikuwa wanaanga watatu wa chombo cha Apollo 8. Tarehe 24 Desemba 1968, walipokuwa wakiuzunguka mwezi, waliiona Dunia ikichomoza nyuma ya ardhi kavu ya mwezini, na William Anders akaipiga picha. Walikwenda kuuchunguza mwezi, lakini picha waliyorudi nayo ambayo watu wanaikumbuka zaidi ni ya Dunia. Miezi 16 baadaye, tarehe 22 Aprili 1970, Siku ya Dunia iliadhimishwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani, na wengi waliozieleza zama hizo wanasema kwamba picha ile ilikuwa na sehemu yake katika kuamsha fikra za watu.

Picha ya pili ni ya kwetu zaidi. Tarehe 7 Desemba 1972, wanaanga wa Apollo 17, wakiwa umbali wa takriban kilomita 29,000, waliipiga Dunia picha ikiwa imeangazwa yote. Mwonyeshe mtoto picha hiyo, nayo inapatikana kwa urahisi. Si Marekani wala Ulaya inayoonekana hapo. Ni Bara la Afrika karibu lote, Bara Arabu juu yake, kisiwa cha Madagaska kando, na barafu ya Ncha ya Kusini chini. Mwambie aweke kidole pale ilipo pwani yetu. Kisha muulize: mpaka wa Kenya na Tanzania uko wapi? Atautafuta asiuone, kwa sababu mawingu, mikondo ya bahari na moshi havina paspoti.

Mtu wa kwanza kutoka katika Umma wetu kuiona Dunia kwa macho yake kutoka angani alikuwa Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudi Arabia, aliyesafiri kwa chombo cha Discovery mwezi Juni 1985, safari iliyoanza katika siku za mwisho za Ramadhani. Alieleza baadaye kwamba siku za mwanzo kila mmoja chomboni alikuwa akinyoosha kidole kuonyesha nchi yake. Siku ya tatu au ya nne wakawa wanaonyesha mabara. Kufikia siku ya tano walikuwa wanaiona Dunia moja tu. Tazama, ndugu msomaji, jinsi siku tano zilivyotosha kuwafunza watu wazima jambo hilo. Mtoto wetu hawezi kupelekwa huko, lakini picha na maelezo mazuri vinaweza kumfikisha karibu.

Chungwa, ndoo na nyota ya jioni

Baada ya kuiona Dunia nzima, mtoto aonyeshwe kwamba ni kubwa machoni lakini vilivyomo ni vya kipimo. Hapa hapahitajiki darubini wala maabara. Chungwa moja na ndoo moja ya maji vinatosha.

Shika chungwa na umwambie kwamba hii ndiyo Dunia. Kisha umuulize: hewa tunayovuta ingekuwa na unene gani juu ya chungwa hili? Watoto wengi hunyoosha mikono kuonyesha unene wa shubiri. Ukweli ni kwamba karibu robo tatu ya hewa yote imo ndani ya kilomita 11 za chini, ilhali kutoka hapa tulipo hadi kitovu cha Dunia ni takriban kilomita 6,371. Juu ya chungwa, kilomita hizo 11 ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari lake. Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895, na anayefika kileleni huwa ameiacha nusu ya hewa yote ya Dunia chini ya miguu yake; ndiyo maana hupumua kwa shida. Moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya nyumba, wa magari na wa viwanda, wote unaingia katika karatasi hiyo nyembamba.

Sasa chukua ndoo ya lita 20, uijaze maji, na umwambie kwamba hayo ndiyo maji yote ya Dunia. Karibu yote ni ya chumvi. Maji matamu ni kiasi cha asilimia 2.5, yaani nusu lita tu. Yatie katika chupa. Lakini katika nusu lita hiyo, zaidi ya theluthi mbili imeganda kuwa barafu, na sehemu kubwa ya iliyobaki imo chini ya ardhi. Maji ya maziwa na mito yote duniani, Viktoria na Tanganyika na Naili ndani yake, hayafiki nusu ya kijiko cha chai. Mdondoshee mtoto matone hayo kiganjani. Baada ya hapo, ukimkumbusha mafundisho tuyajuayo sote ya kutofanya israfu ya maji ya udhu hata mtu akiwa kando ya mto, atakuwa ameyaelewa kwa ngozi yake na si kwa masikio tu.

Umweleze pia namna wanavyoishi wanaanga katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka Dunia kwa takriban dakika 90 kila mzunguko, umbali wa kilomita 400 hivi juu yetu. Huko hakuna mto wala kisima. Jasho, mvuke wa pumzi na hata haja ndogo hukusanywa na kusafishwa vikawa maji ya kunywa. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba mitambo ya kituo hicho imefikia kiwango cha kurejesha asilimia 98 ya maji. Wao wanajua kwamba tone likipotea halina mbadala. Nasi tumo katika chombo kikubwa zaidi, chenye sharti lile lile.

Kisha kuna Zuhura, nyota ya jioni inayong'aa kuliko nyota zote. Kwa hakika si nyota bali ni sayari, na ukubwa wake unakaribia sawa na wa Dunia yetu. Kwa mbali inapendeza mno. Lakini juu ya ardhi yake joto hufikia nyuzi 465 za Selsiasi, joto linaloyeyusha risasi. Zuhura ina joto hata kuliko Utaridi iliyo karibu zaidi na jua. Sababu ni kwamba imefunikwa na hewa nzito ambayo zaidi ya asilimia 96 yake ni hewa ya ukaa, nayo hulizuia joto lisitoke, mithili ya mtu aliyefunikwa mablanketi mengi wakati wa mchana. Upande wa pili ipo Mirihi, ambayo hewa yake ni hafifu mno, haifiki hata asilimia moja ya uzito wa hewa yetu, na baridi yake ni kali. Dunia imewekwa katikati kwa mizani. Kabla ya zama za viwanda hewa ya ukaa ilikuwa kiasi cha sehemu 280 katika kila sehemu milioni moja za hewa. Leo zimepita 420. Hatuwi Zuhura kwa kiasi hicho, wala tusiwatishe watoto kwa kusema hivyo. Lakini mizani imeguswa, na mikono iliyoigusa ni ya wanadamu.

"Anga ni ya wenzetu"

Najua wako wazazi watakaosema: sisi tuna shida za ada, za maji na za umeme, mambo ya anga tuwaachie Wamarekani na Warusi. Kauli hii inasikika kuwa ya busara, lakini haina msingi katika historia yetu wala katika maslahi yetu.

Wakulima na mabaharia wa pwani hii waliitazama mbingu karne nyingi kabla ya roketi. Bado tunao msemo wa wahenga kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogondogo zilizokaribiana, na jina lenyewe linatukumbusha kilimo. Mkulima hakukitazama kwa burudani. Alitaka kujua majira. Majina ya sayari tuliyoyataja, Zuhura, Mirihi na Utaridi, pamoja na Mshtarii na Zohali, yamo katika lugha yetu kwa kuwa elimu hiyo ilikuwa ya kwetu pia.

Hata katika zama za setilaiti, mwambao wetu haukuwa nyuma ya pazia. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipoadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia lililo baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya eksirei itokayo anga za mbali, na ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Mwezi Aprili 2023 Kenya ikarusha setilaiti yake ya kuitazama Dunia, Taifa-1, ili isaidie katika kilimo na uangalizi wa mazingira.

Na maslahi yako wazi. Mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikisogea kuelekea pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na miongoni mwa nyenzo za utabiri wa namna hiyo ni picha za setilaiti. Kumwokoa mvuvi asiingie baharini siku mbaya ni faida ya elimu ya anga. Mtoto anayejua tahadhari hiyo inatoka wapi ataiamini na kuwaambia wazee wake waiamini. Asiyejua ataiona kama porojo za redioni.

Tusiwavunje moyo

Jambo moja linahitaji hadhari. Wapo walimu wanaowasomesha watoto mazingira kwa kuwatisha: barafu inayeyuka, bahari inapanda, Dunia inaangamia. Mtoto wa miaka kumi aliyejazwa hofu hapandi mti. Hukata tamaa, au huzoea na asijali tena. Kila habari nzito ifuatane na habari ya watu waliotenda wakafanikiwa.

Iliyo bora kuliko zote ni ya tabaka la ozoni, lile tabaka la juu linalotukinga na miali mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo lilikuwa likipungua sana juu ya Ncha ya Kusini kila majira ya kuchipua ya huko. Vipimo vya setilaiti vikathibitisha na kuonyesha upana wa eneo lenyewe, na picha zake zikaenea. Sababu ilikuwa gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia. Mwaka 1987 mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na baadaye nchi zote za dunia zikauridhia. Ripoti ya kitaalamu iliyotolewa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023 ilieleza kwamba, mwendo huo ukiendelea, tabaka hilo litarejea katika hali ya mwaka 1980 kufikia takriban 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na takriban 2066 juu ya Ncha ya Kusini.

Msimulie mtoto kisa hiki kwa ukamilifu wake. Watu walitazama, wakapima, wakasema kweli, wakakubaliana, wakaacha. Naye atakapokuwa na umri wa baba yake huenda akayaona matunda yake.

Kutoka mbinguni hadi uani

Elimu hii isipoishia katika kazi ya mikono itakuwa burudani tu. Basi yafuatayo ni mambo manne ambayo familia inaweza kuyaanza bila gharama kubwa.

Kwanza, daftari la mbingu. Mtoto achore umbo la mwezi kila jioni kwa mwezi mzima, siku 29 au 30, na aandike hali ya mawingu kila siku kwa saa ile ile. Kuna mpango wa kimataifa uitwao GLOBE, uliotangazwa mwaka 1994, ambao Kenya na Tanzania zimo. Katika mpango huo wanafunzi hupima mvua, joto na mawingu shuleni mwao na kupeleka vipimo vyao kwa wanasayansi. Setilaiti huliona wingu kutoka juu, mtoto huliona kutoka chini, na kila mmoja humwambia mwenziwe asichokiona. Mwalimu mwenye ari aulizie namna ya kujiunga. Tukio moja tu la kumhadhari mtoto nalo: kamwe asilitazame jua moja kwa moja.

Pili, kipimo cha mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mwache apige hesabu: paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 limepokea lita 1,000. Kisha atakuuliza maji hayo yote yamekwenda wapi, na kwa nini kesho tunanunua maji ya dumu. Ewe mzazi, jiandae kwa swali hilo, na ikiwezekana jibu lako liwe ni bomba la paa na pipa la kukingia.

Tatu, picha za setilaiti. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga Dunia picha tangu 1972, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure kwa yeyote. Kwa simu ya mzazi, katika programu ya Google Earth, mtoto anaweza kuona namna sehemu za Dunia zilivyobadilika tangu 1984. Atazame namna Dar es Salaam ilivyotanuka na bonde la mto Msimbazi lilivyozongwa na majengo. Atazame delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko, na sehemu zilizofyekwa kwa mashamba ya mpunga. Atazame kilele cha Kilimanjaro, ambacho kimepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. Mwishowe atafute paa la nyumba yenu na ahesabu miti iliyo karibu nalo. Hesabu hiyo ndiyo itakayomuuma zaidi, kwa kuwa ni ya kwao.

Nne, kila somo lipewe amali yake. Aliyejifunza karatasi ya hewa asichome plastiki. Aliyejifunza matone ya kijiko afunge bomba linalovuja, na atie udhu kwa kopo. Aliyehesabu miti apande mmoja na awe na zamu ya kuumwagilia. Bila amali hiyo, mzazi asiseme kwamba somo limekwisha.

Katika haya yote mabinti zetu wasiachwe jikoni wakati kaka zao wanatazama mbingu. Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika angani, mwaka 1983, baadaye alianzisha mradi uliowawezesha wanafunzi kuchagua wenyewe sehemu za Dunia za kupigwa picha kutoka angani. Na Anousheh Ansari, mzaliwa wa Iran, alifika katika Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2006, akiwa mwanamke wa kwanza Mwislamu kusafiri angani. Binti anayeuliza "kwa nini" usiku wa leo asijibiwe kwamba anauliza sana.

Ndugu mzazi, Dunia hii ni amana. Tuliikuta na tutaiacha mikononi mwa hawa tunaowabeba mabegani. Mwaka 1990 chombo cha Voyager 1, kikiwa umbali wa takriban kilomita bilioni sita, kiligeuzwa kuipiga Dunia picha, ikaonekana kama nukta moja hafifu katika giza. Katika nukta hiyo imo misikiti yetu yote, mashamba yetu yote, makaburi ya wazee wetu na vitanda vya watoto wetu, na hatuna nyingine ya kuhamia. Mtoto akilijua hilo mapema, hatahitaji kuangaliwa na mtu ili aiokote chupa iliyo mtaroni.

Wiki ijayo, inshaallah, tutazungumzia namna ya kugawa kazi za nyumbani baina ya watoto kwa uadilifu. Wabillahi tawfiq.